Picha za droni GB 90 kwenye GeoServer: faili moja kubwa, mozaiki, COG au vigae?

pikseli_chafu
Wakuu habari zenu. Nina picha za droni vipande 312, kila kimoja pikseli elfu kumi kwa elfu kumi, bendi (tabaka za rangi) tatu, hazijabanwa hata kidogo, kwa hiyo jumla inapita GB 90. Nataka kuzigawa kwa GeoServer (programu ya kugawa ramani mtandaoni), watu wazione kwenye brauza kwa WMS (seva inachora kipande cha ramani kila kikiombwa) na wengine wazivute kwenye programu ya ramani ya QGIS. Seva ina RAM GB 8 tu. Nimejaribu vipande kumi, kila kimoja leya yake afu nikaviweka kwenye kundi moja la leya, ukizumu karibu inaenda vizuri tu ila ukirudi nyuma uone eneo zima unasubiri mpaka unafunga ukurasa mwenyewe. Naona njia nne: faili moja kubwa, ImageMosaic (GeoServer inaviona vipande vyote kama picha moja), COG (TIFF iliyopangwa ili seva isome kijisehemu inachotaka tu), au nikate vigae, yani vipicha vidogo vilivyochorwa tayari kwa kila zumu, na gdal2tiles nisahau habari ya GeoServer. Ipi mnatumia? Au nihamie MapServer, seva nyingine ya ramani, nasikia nyepesi?

mzee_wa_vigae
Mwanangu usihame kwanza. Ukipeleka faili hizohizo MapServer zitakusumbua vilevile. Fungua moja na gdalinfo (chombo cha GDAL cha kuonyesha taarifa za picha) utazame mstari wa Block. Ukikuta Block=10000x1 ujue picha imehifadhiwa mistari mistari, yani seva ikitaka kijisehemu cha 256 kwa 256 inasoma mistari 256 mizima ya pikseli elfu kumi afu inatupa karibu yote. Na ukirudi nyuma ndo balaa, kama ndani hakuna nakala ndogo zilizopunguzwa inabidi ipitie picha nzima ili ikuchoree kitu cha ukubwa wa skrini.

pikseli_chafu
Shikamoo mzee, nimetazama, ni Block=10000x1 kweli 😅 na Overviews, zile nakala ndogo, hakuna.

mzee_wa_vigae
Marahaba. Basi mchawi si GeoServer.

dada_rasta
Mimi ningeenda COG moja kwa moja. GDAL kuanzia 3.1 ina draiva yake, inapanga vitalu vya 512 na kutengeneza nakala ndogo kwa mkupuo mmoja:

`gdalbuildvrt zote.vrt vipande/*.tif`
`gdal_translate zote.vrt ramani.tif -of COG -co COMPRESS=JPEG -co QUALITY=85 -co BIGTIFF=YES`

Hiyo BIGTIFF usiisahau, TIFF ya kawaida mwisho wake GB 4. Kuhusu nakala ndogo usiogope kujaza diski, kila ngazi ni robo ya iliyotangulia kwa hiyo zote pamoja zinaongeza kama theluthi moja tu. Na JPEG ni ya picha za kuangalia tu jamani, data ya mwinuko wa ardhi usiiguse na JPEG, inabadilisha namba, hiyo weka DEFLATE, inabana bila kupoteza kitu.

kodi_na_ramani
@dada_rasta sawa lakini faili moja lina kero yake, akirusha droni tena mwezi ujao kwenye kona moja tu atajenga upya lote. Mozaiki anabadilisha vipande vilivyoguswa basi. Faharasa ya mozaiki (orodha ya vipande na mahali vilipo) ukiiweka kwenye hifadhidata ya PostGIS badala ya faili la shapefile inakuwa rahisi kuongeza picha mpya bila kufuta kitu. Cha kuangalia tu vipande vyote viwe na projekshoni moja (namna dunia ilivyolazwa bapa) na bendi sawa, kimoja kikiwa na bendi ya nne na vingine tatu utakesha. Vigae vilivyokatwa mimi sivipendi, kila zumu inazidisha mara nne, ukianza na vigae 20 kwenye zumu ya 14 ukifika ya 21 una 327,680 kwenye ngazi hiyo moja, jaribu kunakili hivyo vifaili kwenda seva nyingine ndo utanielewa.

mpiga_zumu
Si unavifungia kwenye MBTiles, inakuwa faili moja. Vigae vina raha yake, seva haichori chochote, inagawa tu, hata kimashine dhaifu kinahimili watu wengi. Ila kweli huyu jamaa anataka WMS na watu wa QGIS watataka projekshoni zao, vigae vinakufunga kwenye ile uliyokatia.

dada_rasta
@kodi_na_ramani hoja ya kusasisha nakubali. Lakini mozaiki ya vipande 312 ukirudi nyuma kabisa seva inafungua faili zote 312 kwa ombi moja, hata kama kila moja imeandaliwa vizuri. Hapo mnafanyaje?

kodi_na_ramani
Hapo naitumia GeoWebCache, inayotunza vigae vilivyokwisha kuchorwa (kashe), si imo ndani ya GeoServer tayari. Najaza kashe zile zumu za juu tu kabla watu hawajaingia, vigae vyake vichache, nusu saa imeisha. Zumu za karibu naacha zijijaze watu wanavyotembea kwenye ramani, huko ombi moja linagusa kipande kimoja au viwili vitatu.

pikseli_chafu
Narudisha majibu. Nimebadilisha kila kipande kuwa COG peke yake kwa kitanzi cha bash, ImageMosaic juu yake, kashe zumu za juu kama alivyosema kodi. GB 90 imekuwa kama 9! Kwenye ramani sioni tofauti kwa macho. Ila pembeni mwa eneo kuna ukingo mweusi wenye vidoa vidoa, nimeweka nyeusi iwe nodata (isionyeshwe) vidoa bado vipo.

mzee_wa_vigae
Hiyo ni JPEG, nyeusi yako si sifuri tena, imekuwa 1, 2, 3 huko pembeni. Rudi kwenye picha za asili, endesha gdalwarp na -dstalpha ukiipa -srcnodata 0 upate bendi ya nne ya uwazi, ndo ubane upya, draiva ya COG ikikuta bendi hiyo inaigeuza yenyewe kuwa kinyago (alama ya wapi pana picha na wapi hapana) na JPEG haikigusi. Fanya kwa vipande vyote 312 hata vya katikati, umeshaambiwa habari ya bendi.

pikseli_chafu
Kitanzi kinazunguka tena, kipo cha 40.