Naomba ushauri: kanuni ya kubadili nywila kila siku 30 imetufikisha pabaya

Karani wa Masijala:
Wakuu, heshima yenu. Mimi ni karani katika chama cha akiba na mikopo mkoani Morogoro, na kompyuta zetu 14 ziko chini ya uangalizi wangu kwa sababu tu hakuna mwingine wa kuzitazama. Mwaka jana meneja alipitisha kanuni kwamba kila mfanyakazi abadili nywila kila baada ya siku 30, nayo iwe na herufi kubwa, tarakimu na alama. Niliichapa mwenyewe na kuibandika ukutani.

Keshia wetu aliondoka mwezi wa kumi kwa likizo ya uzazi. Juzi mwanachama mmoja alihitaji taarifa iliyokuwa katika akaunti ya keshia huyo, na kabla sijanyanyua simu kumpigia, kijana wa mikopo akaniambia, "Dada, ngoja kidogo." Akaandika Mahindi#10 na kompyuta ikafunguka. Hakuwahi kupewa nywila hiyo. Alimwona mwenzake akiandika Mahindi#03 mwezi Machi, akajihesabia. Nilipokagua meza nyingine nikakuta karatasi tatu chini ya kibodi na moja ndani ya kasha la pini za stepla. Meneja amesikia, na dawa aliyoipata ni kupunguza muda uwe siku 14. Nimpinge kwa hoja gani, nami si mtaalamu?

Fundi Nyaya:
Dada, kijana wenu amerudia bila kujua utafiti uliofanywa katika Chuo Kikuu cha North Carolina, Marekani, na kuchapishwa mwaka 2010. Watafiti walichukua akaunti zaidi ya 7,700 ambazo wenyewe walikuwa wakilazimishwa kubadili nywila kila baada ya miezi mitatu, wakatengeneza programu ya kukisia jinsi mtu anavyoigeuza nywila ya zamani ili apate mpya: tarakimu inaongezwa moja, alama inahama kutoka mwisho kwenda mwanzo, na kadhalika. Wakiwa na nywila ya zamani mkononi, waliipata iliyofuata katika asilimia 41 ya akaunti kwa muda wa sekunde chache tu, na katika asilimia 17 hawakuhitaji kubahatisha zaidi ya mara tano. Mahindi#10 ingekuwa miongoni mwa hizo za mara tano, tena mapema.

Kanuni mliyoibandika ukutani chimbuko lake ni mwongozo wa NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, ulioandikwa mwaka 2003 na Bill Burr. Mwaka 2017, akiwa amekwisha staafu, Burr aliliambia gazeti la Wall Street Journal kwamba anajutia mengi aliyoyaandika humo. Mwaka huohuo NIST yenyewe ilishauri watu wasilazimishwe kubadili nywila kwa kufuata kalenda, bali pale tu panapokuwa na dalili kwamba imevuja. Microsoft nayo iliiondoa kanuni hiyo katika mapendekezo yake ya Windows mwaka 2019. Mpelekee meneja majina hayo, kwa maana wakubwa huamini zaidi kosa linapokiriwa na aliyelifanya.

Badala yake, pendekeza nywila ndefu ya maneno matatu au manne yasiyohusiana, ambayo haibadilishwi ovyo, pamoja na namba ya pili inayotolewa na programu ya simu. Kabla ya kuikubali nywila, ipimwe kama imo katika zilizokwisha vuja. Tovuti ya Have I Been Pwned, iliyoanzishwa na Troy Hunt wa Australia mwaka 2013, hufanya kazi hiyo kwa ustadi: nywila husagwa humohumo katika kompyuta yako ikawa mfuatano wa herufi na tarakimu 40, zikatumwa tano za kwanza tu, kisha kompyuta yako ikatafuta yenyewe katika orodha inayorudishwa.

Mkaguzi Mstaafu:
Nakubaliana na Fundi, ila nina mawili. La kwanza, viwango vya kadi za malipo, PCI DSS, bado vinataja siku 90 pale nywila inapokuwa ndiyo kinga pekee, kwa hiyo kama mnapokea kadi, msifute kanuni kabla ya kuweka ile kinga ya pili. La pili ndilo zito, na naona limepitwa kama vile si kitu. Kumbukumbu za mfumo wenu sasa zinaonyesha kwamba keshia, ambaye yuko nyumbani ananyonyesha, alifungua taarifa za mwanachama saa za kazi. Siku fedha ikipungua, ni yeye atakayeitwa kujieleza. Andikeni leo maelezo ya tukio lile, yatiwe saini na kijana pamoja na wewe uliyekuwepo, na akaunti ya kila anayekwenda likizo ifungwe siku hiyohiyo. Kumbukeni pia kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawahusu.

Mwana wa Sayansi:
Je, kompyuta za kwanta, yaani zile za aina mpya zinazokokotoa kwa kanuni za fizikia ya chembe ndogo, hazitavunja hata hizo nywila ndefu?

Fundi Nyaya:
Tishio kubwa la kwanta liko kwenye njia za kubadilishana funguo na kutia saini za kidijiti, kama RSA, njia ya kuficha ujumbe inayotumika sana mtandaoni, na ndiyo maana NIST ilitoa viwango vitatu vipya mwezi Agosti 2024. Lile kasha la pini za stepla halihitaji kwanta.

Karani wa Masijala:
Ahsanteni sana. Maelezo yameandikwa na kusainiwa, na meneja amenipa wiki mbili nimletee pendekezo. Nilimpigia keshia kumweleza, akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama ni vibaya kwamba Mahindi ndiyo anayoitumia pia katika barua pepe na Facebook.

Mkaguzi Mstaafu:
Mwambie azibadili usiku huu, kila moja na yake, aanze na barua pepe, kwa kuwa nywila za kwingine zikisahaulika huko ndiko kinakotumwa kiungo cha kuweka mpya.