Kadi za meno: daktari anaandika "kung'oa" basi. Niweke nini kwenye kadi mpya?

Karani_Arua
Hamjambo wakubwa. Natunza kadi kwenye kliniki ya meno hapa Arua, Uganda. Daktari wetu ana mkono mwepesi, watu wanamfuata kutoka Koboko mpaka Ariwara kule Kongo. Shida ni kalamu. Kadi ina tarehe, neno "kung'oa", na shilingi zilizolipwa (hizo hazisahauliki!). Juzi mama amerudi shavu limevimba, anauliza tulimziba gego lipi. Kadi inasema "kuziba, chini". Chini wapi? Naye hakumbuki. Siwezi kumfundisha bosi kazi, ila kuchapisha kadi nimeachiwa mimi. Niweke nini?

MamaMeno_Jinja
Mdogo wangu, usimpe mstari mtupu, mpe mchoro. Chapa meno 32 ya mkubwa na 20 ya utotoni, yeye azungushie duara tu. Hata mwenye haraka atafanya hivyo.

Tumia namba za tarakimu mbili: ya kwanza ni robo ya kinywa, ya pili ni nafasi ya jino ukihesabu kutoka katikati. Gego la kwanza chini kushoto ni 36, kulia ni 46. Kushoto kwa mgonjwa, si kwako unayemtazama! Na juu ya kadi taja mfumo mnaotumia. Wamarekani wanahesabu 1 hadi 32 mfululizo, kwa hiyo 14 yao ni gego la juu kushoto, na 14 yetu iko juu kulia, nyuma tu ya chonge. Hapa kwetu iliwahi kuja barua ya daktari mgeni, "ng'oa 14". Tulimpigia simu kwanza ndipo tukashika koleo.

Halafu ganzi: jina lake na kiasi. Na saini.

Boda_wa_Koboko
Mimi mgonjwa tu. Niandikieni na kwenye daftari langu ninalotembea nalo, maana nikiumwa usiku nitaenda kliniki nyingine.

MamaMeno_Jinja
Boda kasema kweli. Karani, ongeza presha, sukari, mimba, mzio wa penisilini, dawa za kuzuia damu kuganda. Muulize kila anaporudi, si siku ya kwanza tu. Wa mwaka jana leo anaweza kuwa na mimba. Na kadi zisikae wazi mapokezini. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inawahusu na nyinyi.

Karani_Arua
Asante dada. Za zamani je? Nijaze namba kwa kukisia?

MamaMeno_Jinja
Hapana kabisa! Ibane nyuma ya kadi mpya kama ilivyo. Mgonjwa akija, daktari amtazame kinywani, aandike anachokiona kwa tarehe ya siku hiyo. Huyo mama mwanzie eksirei.