Mjamzito akija bila mume anarudishwa, mtoto akija na baba anarudishwa: tushike lipi?

Wakuu, salaam.

Nimetoka kazini saa tano usiku, nimekuta mke wangu na mtoto wamelala, nami usingizi umenikataa kwa hasira niliyoibeba tangu Jumatatu. Nimeona niiandike hapa kwa utulivu, kwa sababu kila ninapoisimulia barazani watu wanacheka, na mimi sioni kinachochekesha.

Mimi ni baba wa mtoto mmoja, wa kike, anayetimiza wiki 14 juma hili. Tunaishi Makorora, hapa Tanga mjini. Mke wangu ni keshia katika duka la vifaa vya ujenzi kule Ngamiani, anaingia saa mbili asubuhi na kutoka saa kumi na moja jioni. Mimi ni karani wa ghala, na zamu yangu huanza saa kumi alasiri. Kwa hiyo tangu likizo ya uzazi ya mke wangu iishe, mtoto hushinda na mimi, na ile saa moja na ushei inayobaki kati ya kuondoka kwangu na kurudi kwa mama yake hukaa na bibi yake mzaa mama, ambaye nyumba yake iko mtaa wa pili. Mpango huo tuliupanga wenyewe na hatujamlalamikia mtu.

Jumatatu ilikuwa siku ya chanjo ya tatu. Niliamka alfajiri, nikamwogesha mtoto, mama yake akamtia wanja, kisha akakamua maziwa na kuyatia katika kikombe chenye mfuniko. Nikachukua kijiko, kanga mbili, nepi na kadi ya kliniki, nikapanda bajaji. Saa moja kasorobo kadi yangu ilikuwa mezani, ya tisa katika foleni. Kituo chenyewe sikitaji. Wanaoishi upande huu watakitambua, na wasioishi huku nadhani wana chao cha namna hiyohiyo.

Asubuhi ilianza na somo la afya, kama kawaida. Muuguzi alisimama mbele akauliza, "Akina mama, mpo?" na wote wakaitika, "Tupo!" Nami niliitika kwa sauti ya chini, maana nilikuwepo. Tukafundishwa kwamba mtoto apewe maziwa ya mama peke yake hadi atimize miezi 6, asipewe hata maji, na kwamba homa kidogo baada ya sindano ni jambo la kawaida. Nilisikiliza yote, na nathubutu kusema nilisikiliza kuliko baadhi ya waliokuwa wakipiga soga kwenye benchi la nyuma. Kisha tukaenda kwenye mizani ya kuning'inia. Kijana aliyekuwa akipima, nadhani yuko mafunzoni, alimpima mwanangu bila neno, akaandika kilo 6 na gramu 100, akaniambia anakwenda vizuri. Nilifurahi kama niliyefaulu mtihani.

Furaha hiyo iliishia mlangoni mwa chumba cha sindano.

"Shikamoo, sista."

"Marahaba. Mama wa mtoto yuko wapi?"

"Yuko kazini. Mimi ndiye baba yake."

"Sijakuuliza wewe ni nani, nimekuuliza mama yuko wapi. Mtoto huletwa na mama yake. Sasa maendeleo yake nitamuuliza nani?"

Nikamwambia aniulize mimi. Akamgeukia mwenzake wakacheka, akasema, "Wanaume wa siku hizi, bwana," kisha akaiweka kadi yangu pembeni ya meza na kuniambia, "Kaka yangu, nenda kamlete mama mtu, au mje naye siku nyingine." Nilimweleza kwamba mama mtu akiondoka dukani siku ile inakatwa, nikamwonyesha jina langu lililoandikwa kwenye kadi, nikatoa na kitambulisho cha NIDA. Hakuvitazama. Nikarudi kwenye benchi kumsubiri mkuu wa kituo, nikaambiwa yuko semina. Maziwa ya kikombe yaliisha saa tano. Saa sita mtoto akalia kilio cha njaa ambacho hakuna kanga wala wimbo wa kukituliza, nikanyanyuka nikaondoka, sindano ikiwa umbali wa hatua tano kutoka nilipokaa.

Sasa nataka mnielewe kinachoniunguza, maana si kule kukaa foleni. Kituo hichohicho, mlango huohuo, mwaka jana kilimrudisha mke wangu nyumbani kwa sababu alikwenda peke yake. Ilikuwa mahudhurio ya kwanza ya mimba, mimi nikiwa kazini, naye akaambiwa huduma haianzi mpaka aje na mwenza wake. Jirani yetu mmoja, ambaye aliyempa ujauzito alitoroka, alilazimika kwenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa kuomba barua ya kuthibitisha kwamba mwenza hayupo. Fikirini mtu ameachwa, kisha anatakiwa akakiri kuachwa kwake mbele ya ofisi ya mtaa na kugongewa muhuri, ndipo apimwe damu! Basi mimi nilibadilishana zamu, nikaenda, tukapimwa wote wawili VVU na kaswende, tukashauriwa, na kwa kuwa tulikuwa wawili tukatangulizwa mbele ya wanawake waliokuwa pale tangu alfajiri. Nilisifiwa siku ile. Muuguzi alinisimamisha mbele ya watu akasema huyu ndiye mwanamume anayetakiwa. Ukutani kulikuwa na bango la kuwahimiza wanaume wawasindikize wake zao kliniki, na Jumatatu hii lilikuwa bado lipo, limepauka kidogo tu kwa jua.

Yaani mwanamume anatakiwa kliniki mtoto akiwa tumboni, ambapo hana anachoweza kumfanyia, na akishazaliwa, akawa anaweza kumbeba, kumlisha na kumkesha, anaambiwa akamlete mama mtu. Kama hiyo ndiyo sera, basi naomba aliyeitunga ajitokeze aitetee. Kama si sera bali ni mazoea ya watu wa dawati lile, basi ni mabaya zaidi, maana mazoea hayana hata karatasi ya kuyakatia rufaa.

Hesabu yenyewe haihitaji elimu kubwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Siku 84 ni wiki 12. Mama anayeanza likizo siku ya kujifungua anazimudu chanjo za wiki ya 6 na ya 10, lakini ya wiki ya 14 inamkuta amesharudi kazini wiki mbili nzima, na aliyeanza likizo kabla ya kujifungua inamkuta amerudi kitambo zaidi. Ya surua na rubela ya miezi 9, na marudio yake ya miezi 18, ndizo ziko mbali kabisa. Kweli sheria hiyohiyo inamruhusu mama saa zisizozidi mbili kwa siku akamnyonyeshe mtoto, lakini kliniki inakula nusu ya siku, hilo kila aliyewahi kukaa kwenye yale mabenchi analijua. Sasa mtoto apelekwe na nani? Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inapotaja wajibu wa kumpatia mtoto matibabu, chanjo ikiwemo, inamtaja mzazi, mlezi na mtu mwingine yeyote anayemtunza mtoto. Haikuandika mama peke yake.

Sitaki kuwaonea wauguzi. Najua foleni ile ina wanawake wanaonyonyesha vifua wazi, na mwanamume akikaa katikati yao wengine hawana raha. Mimi mwenyewe nilikaa kwenye benchi la pembeni nikitazama uwanjani muda wote, mpaka shingo ikauma. Najua pia kwamba siku ya chanjo ya mtoto ndiyo siku ya kumwuliza mama hali yake na mambo ya uzazi wa mpango. Na najua wizi wa watoto upo, hivyo muuguzi ana haki, tena ana wajibu, wa kumhoji mwanamume aliyekuja na kichanga. Lakini kuhoji ni kusubiri majibu. Mimi sikuhojiwa, nilifukuzwa. Na hilo la kuwauliza akina mama hali zao halizuii sindano ya mtoto, kwani bibi mmoja aliyekuwa kadi ya kumi na mbili, aliyemleta mjukuu ambaye mama yake yuko Dar es Salaam, alipita bila kuulizwa swali lolote. Nilimsikia mwenyewe. Alipotoka alinipa pole, "Mwanangu, ungemtuma mama yako tu." Kumbe tatizo halikuwa kukosekana kwa mama. Tatizo lilikuwa suruali.

Nyumbani nako sikupokewa kwa maua. Mama mkwe wangu ni mtu ninayemheshimu sana, na bila yeye zile siku arobaini tusingezivuka: ndiye aliyemkanda binti yake kwa maji ya moto, ndiye aliyepika uji wa pilipili manga. Lakini aliposikia nimerudishwa hakushangaa. Alisema kwa upole wake ule, bila kunitazama usoni kama ilivyo adabu ya mkwe, kwamba alishamwambia binti yake mambo haya yatawaletea maneno, kwamba mwanamume akionekana na mtoto mgongoni watu husema amelishwa limbwata. Nami ninakubali, husema. Vijana wa kijiwe cha bodaboda karibu na kwangu wameshanipachika jina ambalo sitaliandika hapa. Hilo nalimudu, ni maneno ya mtaani na mtaa una midomo mingi. Nisichokimudu ni maneno hayohayo ya kijiweni yakivaa sare nyeupe na kukalia dawati la serikali.

Na nikumbushe kwamba jambo hili halikuanzia kliniki. Mwanangu alizaliwa Alhamisi usiku. Sheria ile ya mwaka 2004 inampa baba siku zisizopungua 3 za likizo yenye malipo, nazo azichukue ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Mwajiri wangu alisoma neno hilo "zisizopungua" akaona hizo 3 zimetosha. Ijumaa niliimalizia chini ya mwembe nje ya wodi, nikaruhusiwa kuingia saa ya kutazama wagonjwa, nikamwadhinia mwanangu sikioni kando ya kitanda nikiharakishwa na mlinzi. Jumamosi niliwarudisha nyumbani. Jumapili nilinunua mkaa, nikatafuta beseni, nikajifunza kubadilisha nepi, na Jumatatu nikawa ghalani nikihesabu magunia kwa macho mekundu. Kenya, ambako kwetu sisi ni kuvuka mpaka tu pale Horohoro, baba ana wiki 2 kwa sheria yao ya mwaka 2007. Sisemi Kenya ni peponi. Nasema tu kwamba aliyeandika siku 3 alimwona baba kama mgeni aliyekuja kutoa hongera, na yule muuguzi wa Jumatatu anamwona hivyohivyo.

Basi Jumatano, yaani leo, mke wangu aliomba ruhusa, siku ikakatwa, tukaenda wote watatu. Nilibeba mtoto, yeye akabeba mkoba. Muuguzi alikuwa yuleyule na hakunikumbuka, au alijifanya. Alimchangamkia mke wangu, akaichukua kadi, akauliza lile swali alilosema hawezi kuniuliza mimi: "Baada ya chanjo iliyopita mtoto alikuwaje?"

Mke wangu akanyamaza kidogo, kisha akanigeukia. Usiku ule wa chanjo ya wiki 10 yeye alikuwa anaumwa kichwa, nikamtuma akalale chumba cha pili, na mimi ndiye niliyekaa na mtoto hadi alfajiri. "Muulize baba yake," akasema.

Nikamjibu kwamba homa ilianza usiku, ikashuka karibu na saa tisa, kwamba paja la kushoto lilivimba siku mbili, na kwamba hakuacha kunyonya. Muuguzi aliandika yote kwenye daftari lake bila kuinua uso, akamchoma, akatupa tarehe ya kurudi. Hayo yote hayakufika dakika kumi. Samahani sikuombwa, na mshahara wa siku wa mke wangu hautarudi.

Tarehe iliyoandikwa kwenye kadi ni ya mwezi ujao, kupima uzito tu, nayo imeangukia Jumanne, mke wangu atakuwa kazini. Nitakwenda mimi. Pale mlangoni kuna sanduku la maoni lenye kufuli iliyoshika kutu, ambalo sijawahi kuona mtu akilifungua, kwa hiyo naomba mwenye kujua aniambie malalamiko ya namna hii yanapelekwa kwa mganga mkuu wa halmashauri moja kwa moja, au yanaanzia kwa kamati ya kituo? Na akina baba wengine wa Tanga mliowahi kurudishwa, andikeni ni kituo cha upande gani na ilikuwa chanjo ipi, ili nikienda nisiende kama mtu mmoja mwenye kisirani chake.