Sarafu za Kirumi zimelika hazisomeki, nitajuaje ni za nani na zina thamani gani?

mlinzi_wa_zamu
Wakuu habari za Jumapili. Mimi nipo Leicester huku Uingereza, wiki iliyopita nilipita gulio lile la watu kuuzia vitu kwenye buti za magari, mzee mmoja alikuwa na kikopo cha sarafu chakavu akaniambia ni fedha za enzi za Kaisari, nikampa paundi 25 nikabeba zote 11. Nimefika nyumbani nikaona nyingi wala si fedha, ni shaba shaba hivi, ndogo kama kifungo cha shati, nyeusi na kijani. Tatu nimeziloweka kwenye ndimu usiku mzima ili nisome, asubuhi nimekuta zimekuwa za pinki kama nyama ya kuku 😩

Zinazoonekana kidogo ni hizi:
1. Ina askari wawili wamesimama na mikuki, katikati yao vitu viwili kama bendera. Chini SMN halafu herufi imelika. Upande wa kichwa mwishoni nasoma TIVS NOB C. Upana milimita 17.
2. Kichwa kimevaa taji lenye miale kama jua la mchoro wa mtoto, nyuma hamna kitu.
3. Hii ndiyo mbovu kuliko zote, nyeupe, laini kama kigae, upande mmoja kama mtumbwi, upande mwingine vijiti vitatu vimesimama. Hii nilitaka nimpe mtoto achezee.

Je nimepigwa?

Chuma Ulete
Mkuu usiuze hovyo!! Hizo zina miaka karibu 2000, ni kama zile rupia za Mjerumani, kuna mzungu ananunua moja milioni 200, nicheki pembeni nikuunganishe

bibi_sarafu
Jamani rupia tena 😂 Kila sarafu ya zamani kwetu lazima awepo mzungu wa milioni 200 ambaye hakuna aliyewahi kumuona. Mlinzi usimcheki mtu pembeni.

Umri peke yake haukupi hela mdogo wangu. Warumi walifyatua hizi za shaba kwa mamilioni, na mpaka leo wakulima wanazifukua kwa mitungi, kwa hiyo ya miaka 1700 iliyolika unaipata kwa bei ya chai na keki. Kinachoipa bei ni kama inasomeka, kama aina yake ni adimu, na kama hakuna mtu ameitia kwenye ndimu. Zile za pinki ndo basi tena, ile ngozi nyeusi ilichukua karne nyingi kujijenga na wewe umeivua usiku mmoja. Nakuambia kwa upole maana mimi mwenyewe miaka ile nilitumia siki na steelwire ya masufuria.

Namba 1 umeniletea vizuri sana na wala hujui. Askari wawili na bendera ni ile ya maneno GLORIA EXERCITVS, yaani utukufu wa jeshi. Hesabu bendera: zikiwa mbili ni kati ya 330 na 335 hivi, ikiwa moja ni baada ya hapo, maana walipunguza uzito wakapunguza na bendera. SMN ni kiwanda cha Nicomedia, Izmit ya Uturuki leo. Halafu hizo herufi za mwisho, angalia tena, ni TIVS au TINVS? Ikiwa TINVS, kwa hiyo NOB C ni Constantine mwana, siyo baba yake mwenye jina lilelile. Ikiwa TIVS inaelekea ni ndugu yake Constantius II, na NOB C maana yake alikuwa bado Caesar, mrithi tu, baba yao Constantine hajafa (alikufa 337). Unaona, herufi chache na bendera mbili zimekupa mtu, mji na miaka mitano. Bei? Kwa hali hiyo mimi nimeziona zikienda paundi 4, 5, ikizidi sana 8.

mlinzi_wa_zamu
Ni TIVS bibi nimeangalia kwa lenzi. Asante sana, ingawa paundi 4 imeniuma 😅

Fundi Mizani
Namba 2 taji la miale mara nyingi ni za karne ya tatu. Hapa Uingereza nyingi za aina hiyo ni za akina Tetricus, waliojitenga na Roma wakashika Gaul (Ufaransa ya leo) na Britania mpaka 274, na nyingine ni za kuiga, watu walizigonga wenyewe mitaani maana chenji ilikuwa haitoshi. Iliyofutika nyuma haina bei, weka kwenye bakuli ukae nayo.

Lakini ya tatu USIMPE MTOTO. Naomba uzito, siyo mizani ya unga ile ya jikoni, tafuta ile ndogo ya sonara. Na angalia ukingo wa sarafu kama kuna mshono unaozunguka, na uso kama una vitundu vitundu vya povu, hizo ni dalili za kumiminwa kwenye kalibu. Warumi walikuwa wanagonga kwa nyundo.

mlinzi_wa_zamu
Nimeazima ya jirani, gramu 3.1. Mshono sijauona. Mtumbwi una makasia mengi.

Fundi Mizani
Basi kaa chini. Huo si mtumbwi ni jahazi la vita, na vile vijiti vitatu ni tai wa jeshi katikati ya bendera mbili. Hiyo inaelekea ni dinari ya Marcus Antonius, yule wa Cleopatra, aliyegonga mwaka 32 na 31 KK kulipa askari wake kabla hajapigwa kwenye vita vya baharini kule Actium, Ugiriki. Na kulika kwake ndiyo hadithi yenyewe. Fedha aliyotumia ilichanganywa shaba kuliko dinari nyingine, watu wakajua, kwa hiyo nzuri wakawa wanaficha ndani na hizi wanazitoa sokoni. Zikazunguka mikononi zaidi ya miaka 200, wafalme wamekuja wamekwenda, yeye bado anatoa chenji. Ndiyo maana hupati nyingi zenye sura safi, na wanunuzi wanazijua hata zikiwa laini hivyo, kwa sababu karibu hakuna nyingine yenye jahazi huku na tai huku kwa mpangilio ule. Kama ni halali hata hiyo mbovu ni paundi 50 mpaka 100.

Sasa bei inategemea namba. Pale chini karibu na tai kuna LEG, kifupi cha legioni, yaani kikosi cha jeshi, halafu namba ya kikosi hicho kwa Kirumi. Zima taa, washa tochi ya simu ukiilaza pembeni kabisa sambamba na sarafu, uizungushe taratibu. Vivuli vitasoma kabla ya macho yako. Ukiona namba inazidi XXIII ujue ni feki.

bibi_sarafu
Na zilizobaki loweka kwenye maji yaliyotolewa chumvi, yale ya kuwekea pasi ya mvuke (siyo maji ya betri tafadhali, kuna mtu alinielewa vibaya), badilisha kila siku chache, wiki kadhaa, kisha kijiti cha meno taratibu. Ukiona unga wa kijani mwepesi unatoka, itenge hiyo mbali na zilizobaki.

Na siku ukizifukua mwenyewe shambani badala ya kununua, mbili za fedha au kumi za shaba mahali pamoja huko Uingereza ni lazima uripoti ndani ya siku 14, sheria ya 1996 hiyo. Watu wa Portable Antiquities Scheme, mpango wa kuandikisha vitu vya kale vinavyookotwa, wanapokea na wanakutambulia bure.

mlinzi_wa_zamu
Nimefanya ya tochi, mke wangu anadhani nimerukwa na akili. LEG ipo!! Halafu kuna V wazi kabisa, mbele yake kuna kivuli kinaweza kuwa X, na baada yake kama mstari mmoja au miwili. Nikisugua kidogo tu hapo na mswaki si itatokea?

Fundi Mizani
USISUGUE

bibi_sarafu
Mlinzi weka hiyo ndimu chini.