Mjadala: Land Rover ya 1974 yenye injini ya Land Cruiser, iruhusiwe barabarani?

Wadau, juzi kwenye gereji moja ya Pasua, Moshi, watu nusura washikane mashati kwa ajili ya pikapu. Ni Land Rover 109 ya mwaka 1974, Series III. Mzee mmoja wa Marangu aliinunua enzi zile kahawa bado inalipa, sasa mwanawe anaifufua. Injini ya kwanza, dizeli ya lita 2.25 yenye nguvu ya farasi 60 na kidogo, imelazwa juu ya tairi kuukuu. Inayoingia ni 1HZ ya Land Cruiser: lita 4.2, silinda sita, farasi karibu 130. Baba hataki. Mtoto anataka. Mteja mwingine aliyekuja kumwaga oili akadakia kwamba magari ya namna hii yaende yote kwenye vyuma chakavu, yanamaliza watu. Hapo ndipo moto ulipowaka.

Mimi huyo wa vyuma chakavu simuungi mkono. Bodi ya gari lile ni aluminiamu. Waingereza walianza kuzitengeneza hivyo mwaka 1948 kwa kuwa baada ya vita chuma kilikuwa cha mgawo. Kinachooza ni chesisi, ile fremu ya chuma inayobeba gari zima. Fundi alishika bisibisi akaigonga chesisi kuanzia mbele kurudi nyuma, ngi, ngi, ngi, alipofika kwenye springi za nyuma sauti ikafa. Akasukuma. Bisibisi ikazama hadi kwenye mpini, ukamwagika udongo mwekundu uliochanganyika na kutu. Kumbe pale palishachomelewa kiraka juu ya kiraka. Na bodi inapokutana na boliti palikuwa na unga mweupe, maana aluminiamu na chuma vikigusana penye maji, aluminiamu ndiyo inayoliwa. Lakini yote hayo yanatibika. Unakata palipooza, unachomelea chuma cha unene uleule, si bati la debe. Gari la juzi lililopinda chesisi kwenye ajali, likapigwa puti na rangi likang'aa, linatisha zaidi, ila hilo hakuna anayelipigia kelele.

Mzee naye ana lake: "Ukishatoa injini, hilo ni gari gani tena?" Shikamoo yake nampa, lakini pikapu hii haiendi kuegeshwa uani ipigwe picha. Inarudi kubeba ndizi. Na hapo jirani Arusha, Land Cruiser zinakatwa chesisi, zinarefushwa, paa linafanywa la kuinuka, watalii wanapanda kwenda kuangalia simba. Kubadilisha gari si dhambi kwetu, ni ajira ya watu.

Ninapogomba ni kwenye breki. Gari hilo lina breki za dramu (breki shu zinatanuka na kusugua ngoma ya chuma kwa ndani) miguu yote minne, zilizopimiwa farasi 60. Kijana ameshanunua injini, gea boksi, siti za ngozi na taa za juu ya paa (taa sita, sijui anamtafuta nani usiku). Nilipomuuliza breki akajibu, "Zinashika vizuri tu, kaka." Zinashika kwa mwendo gani? Lililokuwa linajikokota kilomita 40 sasa litakwenda 80, na mwendo ukiongezeka mara mbili, nishati ambayo breki zinatakiwa kuizima inakuwa mara nne. Dramu ikishapata moto inatanuka na kuzikimbia breki shu, pedali inazama, unakanyaga tena inazama zaidi. Ukiwa unatoka Marangu kushuka Himo na mikungu nyuma, hapo huna tena cha kubishana.

Fundi alinipinga, na hoja yake ina uzito: injini kubwa ya dizeli inalishika gari mteremkoni kuliko ile ndogo. Kweli, ukiwa gia ndogo. Dereva aliyezoea kwamba gari sasa lina nguvu ataanza kushuka na gia ya nne, mguu juu ya breki toka juu mpaka chini. Tunawaona kila siku.

Kwa hiyo pendekezo langu ni hili. Injini ikibadilishwa, namba yake inatakiwa ibadilishwe kwenye kadi ya gari kule TRA, Mamlaka ya Mapato. Basi siku hiyohiyo gari lipakiwe mzigo wake kamili, lipelekwe mteremkoni, lipigwe breki mara kumi mfululizo. Mara ya kumi likisimama kama mara ya kwanza, lipewe kadi, hata liwe la 1958. Likishindwa, lirudi gereji.

Fundi anasema hapo nitawaua kina yakhe: kuweka breki za disiki mbele, zinazovumilia joto kuliko dramu, kwenye ekseli ile si kufunga boliti nne, ni kubadilisha ekseli nzima au kuchonga upya, na hela ilishaishia kwenye injini. Sina jibu zuri la hilo. Najua tu kwamba hela za taa na siti zingelipia sehemu ya kazi hiyo.

Pikapu bado iko juu ya magogo, 1HZ inaning'inia kwenye mnyororo, baba na mwana wamenuniana. Karibuni. Na wewe uliyewahi kushuka njia ile na mzigo wa tani moja, tuambie ulikuwa gia ya ngapi.