Re: Iowa City, tunatokaje ndani jamani?

Habari zenu wote humu, wakubwa shikamooni. Sisi tumefika hapa Iowa City, Marekani, Agosti, baba watoto anasoma PhD hapo chuoni, mimi niko nyumbani na watoto wawili, mmoja miaka saba mwingine minne. Huu ni mwezi wetu wa tatu hapa sasa na kusema ukweli wikiendi tunashinda ndani tu, katuni, simu, katuni, baba mwenyewe akitoka maabara hoi. Gari hatujanunua. Jirani mmoja kaniambia mji huu ni mpira na baa basi, sasa mimi na watoto baa tunaenda kufanya nini? Wenyeji naomba mnielekeze, mtu hana gari wala hela ya kuchezea, watoto anawapeleka wapi? Na mimi mwenyewe pia natamani kutoka. Asanteni.

--------

Marahaba mdogo wangu na karibu sana. Umenikumbusha mwaka wangu wa kwanza hapa, nilikaa ndani toka Novemba mpaka Machi naangalia theluji dirishani, ikafika mahali namwambia mume wangu nikatie tiketi nirudi Morogoro. Sitaki yakukute hayo kwahiyo nitaandika ndefu, nivumilie.

Kwanza hilo la gari lisikutie hofu. Basi za Cambus za chuo hazina nauli, anapanda yeyote hata kama sio mwanafunzi, na basi za mji nazo walizifanya bure Agosti 2023. Unapanda na watoto wako mnashuka downtown, na downtown yenyewe ni ndogo, mkishashuka kila kitu ni kwa miguu.

Anzia maktaba ya mji, ile iko Linn Street inatazamana na Ped Mall (ule uwanja wa katikati usiopita magari). Nenda na kitambulisho na barua yoyote yenye anwani yako ukate kadi, hulipi kitu. Chini kuna sehemu ya watoto, vitabu, vya kuchezea, na siku zingine wanasomewa hadithi. Mwanangu wa mwisho Kiingereza kakiokota pale kwenye zulia kabla hajaanza shule, na mimi ndo nilipopata rafiki wa kwanza hapa mjini, mama mmoja wa Sudan, tulikuwa tunakaa benchi moja wiki nzima bila kusemeshana, siku hiyo mwanae kamnyang'anya wangu lori basi tukaanzia hapo.

Halafu makumbusho. Kuna mawili ya chuo na yote bure. La wanyama liko Macbride Hall, nadhani wanao wako watapenda hilo kuliko kitu chochote. Kuna slothi, mnyama wa zamani za kale aliyekwisha kutoweka, wamemtengeneza anaitwa Rusty, kasimama kwa miguu miwili, mkubwa kuliko dubu, kucha ndefu, manyoya mekundu mekundu. Wangu alipomwona mara ya kwanza kajificha nyuma ya gauni langu, tulipotaka kuondoka hataki. Kuna na chumba cha ndege wa kisiwa cha Laysan, kimetengenezwa toka 1914, unasimama katikati ndege wamekuzunguka pande zote kama uko ufukweni kweli. La pili ni Stanley, la sanaa, jengo jipya lilifunguliwa Agosti 2022 maana la zamani liliingiwa na maji kwenye mafuriko ya 2008. Hili ni lako wewe. Wana vinyago vya Afrika vingi sana na vingi vya Congo, Waluba, Wakuba, Wasongye. Mara ya kwanza nilisimama mbele ya kigoda kimoja cha Kiluba, mwanamke kapiga magoti kabeba kiti kichwani, nikasimama mpaka mlinzi akaja kuniuliza kama niko sawa. Nilikuwa nalia tu. Miezi sita sijaona kitu cha kwetu kikiwekewa taa na heshima namna ile.

Soko la wakulima ni Jumamosi asubuhi chini ya maegesho ya Chauncey Swan, Mei mpaka Oktoba, kwahiyo kwa mwaka huu ndo linaishia, liwahi. Kiangazi kikirudi usikae ndani hata Ijumaa moja, wanapiga muziki wa wazi Ped Mall jioni, na mwanzo wa Julai kuna tamasha la jazz siku kadhaa, unabeba mkeka na sambusa zako, hakuna kiingilio. Mkitaka sinema kuna FilmScene, hawafanyi kwa faida, wanaleta filamu za nchi nyingi, mimi naipenda kuliko zile za mall. Pale Coral Ridge Mall kuna uwanja wa barafu ndani, viatu unakodi, ila mtoto wa miaka minne mshike vizuri.

Kuhusu mpira, jirani yako hajakosea ila hajakwambia lililo zuri. Tiketi za futiboli yao ya Kimarekani pale uwanja wa Kinnick ni ghali, usizinunue. Lakini siku ya mechi panda mpaka karibu na uwanja, au angalia hata kwenye TV, subiri robo ya kwanza iishe. Hospitali ya watoto imepakana na uwanja kabisa, na toka 2017 uwanja mzima, watu karibu elfu sabini, wanageuka wanawapungia mkono watoto wagonjwa walioko madirishani juu. Timu pinzani nayo inapunga. Nimeishi hapa miaka mingi na bado siwezi kuangalia macho makavu. Ukitaka kuingia uwanjani kwa bei nafuu jaribu voliboli, siku hizi wanacheza Xtream Arena kule Coralville.

Uwanunulie watoto suruali za theluji sasa hivi, za mtumba, kabla ya Novemba. Bila hizo yote niliyoandika hayana maana.

--------

Jambo kwenu wote. Mama amesema vizuri, miye naongeza kidogo kwa upande wa papa na batoto. Hapa tuko Wacongomani wengi, Jumapili makanisa ya kwetu yanaimba Kiswahili, Lingala na Kifaransa, mama karibu hata kama unasali kwingine. Baada ya kanisa batoto wanacheza balo (mpira), na sisi wakubwa pia.

Mkipata mtu wa gari, muende kwenye bwawa la Coralville Lake. Mwaka 1993 maji yalijaa yakapita juu ya ukingo siku 28, yakachimba udongo wote, chini ikaonekana sakafu ya bahari ya zamani, miaka milioni 375. Unatembea juu ya visukuku, makombe ya bahari na matumbawe ndani ya jiwe, mtoto anagusa na kidole. Kuchukua hapana, kuangalia tu. Miye nina gari ya viti saba, mniambie Jumapili gani. Kuvua samaki pia kuna maziwa mengi ila kuanzia miaka 16 lazima ukate leseni, usijaribu bila.

--------

Wakubwa shikamooni, samahani naingilia. Mimi nimetoka Eldoret niko first year, nina 19, wenzangu wa dorm kila Ijumaa wanaenda downtown, naruhusiwa kuingia?

--------

Marahaba mwanangu. Hapa toka 2010 wenye chini ya miaka 21 hawaruhusiwi kukaa baa baada ya saa nne usiku, ukikamatwa ni faini, na wewe uko na visa usijiwekee rekodi. Njoo nyumbani Ijumaa tunapika pilau, na huko Prairie Lights, lile duka la vitabu, jioni nyingi waandishi wanasoma kazi zao bure, mji huu UNESCO waliuita mji wa fasihi 2008 sio bure. Niandikie pembeni nikupe anwani.

--------

Dada yangu na baba, Mungu awabariki. Jana tumeenda kumwona Rusty. Mkubwa kauliza maswali mpaka yule dada wa mapokezi kampa penseli na karatasi amchore, mdogo kalala mgongoni kwenye basi akiwa na kitabu cha maktaba mkononi. Suruali za theluji nimepata mbili dola kumi na moja. Stanley nataka twende wote dada, peke yangu naogopa nitalia na mimi. Jumamosi saa nne asubuhi nakusubiri mlangoni maktaba, nitakuwa na kitenge cha njano juu ya koti.