Naenda Pemba kuangalia ndege, mi sio mtaalamu, nianzie wapi?

darubini_ya_kawaida:
Habari zenu wakuu. Mi ni mpenzi wa ndege tu, sijasomea chochote cha wanyama, nina darubini ya kawaida na daftari basi. Unguja nimezunguka sana na Jozani kule kima punju nimewaangalia mpaka nimewazoea. Sasa naenda Pemba kumtembelea dada yangu Wete na kila mtu ananiambia kuna ndege wanne wanaopatikana Pemba tu, dunia nzima hawapo kwingine. Hapo ndo nimekwama, maana Unguja na Pemba ni safari ya boti tu, na ndege ana mabawa, kwanini asivuke? La pili, wote mnasema Ngezi, Ngezi, je nisipopata nafasi ya kufika Ngezi nitakuwa nimekosa kila kitu? Na wale popo wakubwa wanaonekana wapi? Naombeni mnieleze kama mnavyomweleza mtu asiyejua kitu.

mkarafuu_wa_konde:
Karibu Pemba ndugu yangu. Naanza na la Ngezi kwa sababu watu wanalikosea sana. Msitu wa Ngezi ni mzuri na nenda kama unaweza, lakini hao ndege wanne hawakai msituni peke yake. Chozi wa Pemba, yule ndege mdogo anayefyonza maua, utamkuta hapohapo kwa dada yako kama kuna maua uwani, dume ni mweusi ukimwona kivulini, akigeuka tu juani anang'aa kijani na kifuani zambarau, jike yeye ana rangi ya kufifia na tumbo la umanjanomanjano, usimwache ukadhani ni ndege mwingine. Halafu kuna yule mdogo wa manjano mwenye pete nyeupe kuzunguka jicho, hao wanatembea vikundi vikundi wanachokoa wadudu kwenye majani, ukimwona mmoja tulia hapohapo wenzake wanakuja. Hawa wawili wapo mashambani, kwenye miembe, kwenye mikarafuu, njiani, kila pahala.

Na ina sababu yake. Kisiwa hiki zamani kilikuwa msitu mtupu sehemu kubwa, ukafyekwa karne ya 19 kupanda karafuu, na kile kimbunga cha 1872 kilipoangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ndo ikabaki kuwa shamba kubwa la karafuu. Kwa hiyo ndege walioweza kuishi kwenye mikarafuu na miembe ndo unaowaona kirahisi leo, walioshindwa hatujui hata kama walikuwepo. Kwahiyo mi nakwambia siku ya kwanza usiende popote, kaa uwani kwa dada yako alfajiri, usinyanyue darubini mapema, sikiliza kwanza sauti zinatoka mti gani.

kina_cha_bahari:
Mkuu swali lako la kwanza ni zuri kuliko unavyodhani. Angalia kina cha maji. Kati ya Unguja na bara bahari ni ya kina kifupi, zama za barafu maji ya bahari yaliposhuka zaidi ya mita 100 pale pakawa nchi kavu, wanyama wakatembea kwa miguu, ndo maana Unguja ina kima punju na paa nunga na ilikuwa na chui. Pemba hadithi nyingine kabisa. Mkondo wa Pemba, ile bahari kati ya Pemba na bara, unafika kina cha mita 800 hivi, maji yakishuka hata mita 120 Pemba inabaki kisiwa vilevile. Kwahiyo wanyama wa miguu ni wachache huku, ila ndege waliowahi kufika, labda walisukumwa na upepo, wakabaki peke yao muda mrefu sana mpaka wakawa aina nyingine.

Na kuhusu mabawa, ndege wa msituni sio kama membe wa baharini. Wengi wao hawapendi kabisa kuruka juu ya maji ya wazi, hata akiuona mti ng'ambo haendi. Unguja inapata ndege wengi zaidi kwa hesabu lakini hawa wa pekee ni wa Pemba. Hata mimea iko hivo, ukifika Ngezi muulize muongozaji akuonyeshe mpapindi, ule mnazimwitu mwembamba, nao ni wa Pemba.

Halafu kima punju utakaowaona Ngezi usije ukawaandika kama wenyeji, waliletwa kutoka Unguja miaka ya 1970.

usiku_mwema:
Mi naongezea bundi maana huyo ndo watu wengi wanaondoka bila kumwona. Bundi wa Pemba ni kadogo, macho ya manjano, rangi ya kutu, mchana amejibana kwenye majani huwezi kumtambua. Sauti yake ni "hu" moja, anatulia, halafu "hu" tena, mara nyingi mwenzake anamjibu upande wa pili. Yupo Ngezi lakini hata kwenye mashamba ya mikarafuu mikubwa yupo. Toka magharibi ikiingia giza, simama bila tochi. Ukitaka aje karibu weka sauti yake kwenye simu, anakuja mwenyewe.

Ukiwa huko utasikia pia makelele ya kutisha juu ya miti, usikimbie, ni pelele, mnyama mdogo wa manyoya anayepanda miti usiku.

mkarafuu_wa_konde:
Usiku mwema nakuheshimu lakini hilo la simu mi silikubali hata kidogo. Yule bundi akisikia sauti anadhani kaingia bundi mwingine kwenye eneo lake, anaacha kuwinda, anamwacha jike, anakuja kupigana na kitu ambacho hakipo. Akija mgeni mmoja sawa, lakini wageni wanakuja kila wiki na njia ya msituni ni ileile na bundi ni yuleyule. Hana kisiwa kingine cha kuhamia huyu. Simama tu, mpe muda, anaita mwenyewe. Na usipomwona lakini umemsikia, andika kwenye daftari lako umemsikia, inahesabika.

Na kitu kingine, wengi tumekuzwa tukiambiwa bundi ni uchuro, akilia karibu na nyumba anapigwa mawe. Ukiwa kwa dada yako ukiona watoto wanamrushia ongea nao kwa upole, waambie huyu anakula wadudu tu na hayupo nchi nyingine yoyote, wakijua hivo wanabadilika haraka kuliko watu wazima.

usiku_mwema:
Nimekuelewa kaka, kwa kweli hoja ya njia ileile bundi yuleyule ina uzito. Basi ndugu muuliza swali acha simu mfukoni.

darubini_ya_kawaida:
Wakuu nashukuru mno, simu haitoki mfukoni. Nimehesabu mmetaja watatu, chozi, yule wa manjano na bundi. Wa nne ni nani? Na popo bado.

bi_kitwitwi:
Wa nne ni ninga wa Pemba mwanangu, jamii ya njiwa. Kichwa na kifua kijivu, mgongo na mabawa kijani, anakula matunda, na tatizo lake ni kwamba akitulia kwenye mti haonekani kabisa. Tafuta mkuyu uliozaa, kaa mbali kidogo na mti, angalia matunda yanayodondoka chini bila upepo, hapo juu kuna mtu anakula. Anaweza kuwa tumbili pia, lakini mara nyingi ni ninga. Huyu ni mgumu kuliko wale wawili wa uwani, mpe asubuhi nzima.

Popo nenda Kidike, hapohapo Pemba. Hao mi nawapenda kuliko ndege wote, kichwa kama cha mbweha, mabawa yakikunjuliwa ni karibu mita moja na nusu, mchana wananing'inia mamia kwa mamia wanajipepea na kugombana. Jamaa zao wako Mafia, Komoro, Madagaska na huko Asia, lakini Afrika bara hakuna hata mmoja wa jamii hiyo. Walikuwa wanawindwa kwa ajili ya nyama mpaka mwisho wa miaka ya 1980 wakabaki wachache sana, 1996 wakawekwa kwenye daraja la walio hatarini kabisa kutoweka. Wanavijiji wenyewe wakaunda vikundi vya kuwalinda, na makundi mengine yalisalimika kwa kuwa yalikaa kwenye miti ya makaburini ambako hapakatwi mti. Hesabu za baadaye zilipita popo 20,000. Hiyo ni kazi ya watu wa kawaida wa vijijini na inatakiwa isemwe. Ukifika usipige makofi warushwe ili upate picha, kuna wageni wanaomba hivo na inaniudhi sana, mama ana mtoto kifuani unamrusha jua kali la nini.

Usisahau pwani. Kama ni kati ya mwezi wa tisa na wa nne kitwitwi wapo kibao kutoka kaskazini ya mbali huko Siberia. Tafuta pia ndege mkubwa mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mzito mweusi, anatembea matopeni anakula kaa, hazai huku kwetu, anazaa pwani za Arabuni na Somalia kwenye mashimo anayochimba mchangani. Nenda maji yanapoanza kujaa, sio yakiwa yamekupwa kabisa, yakikupwa ndege wako mbali na darubini yako haiwafikii, yakijaa yanawasukuma mpaka karibu na ulipokaa. Muulize mvuvi yeyote Wete saa za maji atakutajia bila kuangalia popote.